Ikatwe mstari, iandikwe asilimia, ishushwe kimya au isubiri kikapuni? Njia nne za kuonyesha bei ya ofa kwenye duka la mtandaoni

Kila mwaka baridi ya Arusha ikianza kulegea, kuanzia mwishoni mwa Agosti, nabaki na majaketi na sweta ambazo nisipoziuza mapema zitanifungia mtaji mpaka Mei inayofuata. Bei lazima ishuke, hilo halina mjadala. Kinachonisumbua ni namna ya kuionyesha. Niache ile ya zamani imekatwa mstari pembeni ya mpya? Niandike "punguzo 25%"? Nibadilishe bei kimyakimya? Au bei ibaki ileile, punguzo litokee mteja akishafika kwenye kikapu?

Dukani kwangu karibu na soko la Kilombero swali hilo halipo. Mteja anashika jaketi, anauliza, nataja, anaguna, nashusha, tunaelewana. Bei ya kwanza na ya mwisho zote zinapita mdomoni na hakuna anayeziweka akiba. Mtandaoni kila namba uliyoiandika inabaki, na ujue kuna mtu ameshaipiga picha ya skrini.

Nimezijaribu njia zote nne, kwenye duka langu na kwenye maduka ya wenzangu wawili wa Moshi niliowasaidia kuyafungua. Kila moja imenifaa mahali na kuniangusha mahali pengine, kwa hiyo usitegemee nikutajie moja ya kuokota na kwenda nayo.

Njia zenyewe

Tuchukue jaketi moja la mvua. Lilikuwa TSh 60,000, sasa ni TSh 45,000. Mteja akilifungua kwenye simu anaweza kuona hivi:

Njia ya kwanza, bei mbili: ~~TSh 60,000~~ TSh 45,000

Njia ya pili, bei mpya na lebo: TSh 45,000, okoa 15,000 (au: punguzo 25%)

Njia ya tatu, bei moja: TSh 45,000

Njia ya nne, punguzo la kikapuni: TSh 60,000, kisha kwenye kikapu anaona mstari unaosema "punguzo: −15,000"

Fedha anayotoa mteja ni ileile kote. Ila nazipima kwa mambo matano: mteja ameelewa upesi kiasi gani, ile namba ya juu unaweza kuitetea au huwezi, njia inafanya nini na swali la "mwisho ngapi?", kazi ya kuitunza, na inavyosafiri nje ya duka lako, yaani WhatsApp na kwenye matokeo ya Google.

Kueleweka upesi

Njia ya kwanza inashinda hapa kwa mbali. Mtu aliyekaa nyuma ya daladala ya Ngaramtoni, simu imepasuka kioo, akiona namba imekatwa na nyingine chini yake hahitaji maelezo. Na namba ile ya juu inafanya kazi kichwani hata kama mtu hataki. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walilionyesha jambo hili katika makala yao ya mwaka 1974: walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, kisha wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Gurudumu likisimama kwenye 10, makadirio ya katikati yalikuwa 25. Likisimama kwenye 65, yakawa 45. Gurudumu halikuwa na uhusiano wowote na swali, lakini lilivuta majibu. Elfu sitini iliyokatwa mstari inavuta vivyo hivyo, na kwa sababu ina nguvu hiyo ndiyo maana nitairudia kwenye kipengele kinachofuata.

Ina kasoro moja ambayo wengi hatuioni kwa sababu tunaona. Mtu asiyeona anayetumia programu ya kusomewa skrini mara nyingi husomewa "elfu sitini, elfu arobaini na tano" bila kuambiwa ipi imekatwa. Matoleo ya karibuni ya WooCommerce, programu ya kuendeshea duka la mtandaoni, huweka maneno yaliyofichwa yanayosema ipi ni ya awali na ipi ni ya sasa, ila yanakuja kwa Kiingereza kama duka halijatafsiriwa. Mwambie fundi wako ayaweke kwa Kiswahili: "bei ya awali", "bei ya sasa". Mimi nimeamua kuyaandika yaonekane na kila mtu, kwa herufi ndogo, kwa sababu hata mama yangu mwenye macho mazima aliwahi kuniuliza kama anatakiwa kulipa zote mbili.

Njia ya pili inaeleweka ukichagua vizuri kati ya asilimia na shilingi. Ushauri unaozunguka kutoka nchi za dola ni kwamba bidhaa ya chini ya 100 iandikwe asilimia, ya juu ya 100 iandikwe kiasi cha fedha, kwa kuwa namba kubwa ndiyo inayovutia. Kwetu ushauri huo haukanyagi chini, maana kwa shilingi karibu kila kitu kinazidi 100. Soksi za sufu zikitoka 5,000 kwenda 4,000, "okoa 1,000" ina namba kubwa kuliko 20%, lakini buku moja haimsimamishi mtu. Anaipima na nauli yake ya bodaboda. Hapo 20% inasema zaidi. Blanketi likitoka 120,000 kwenda 102,000, "okoa 18,000" ni fedha anayoijua, wakati 15% inamlazimu afungue kikokotoo. Kwangu mimi mpaka uko kwenye bidhaa za kama elfu ishirini: chini yake naandika asilimia, juu yake naandika shilingi. Wewe utauona wako.

Lebo ya "hadi 50%" juu ya duka zima sijawahi kuipenda. Mteja anaingia akitafuta hiyo nusu bei, anaikuta kwenye kofia mbili, anaondoka akijihisi ameitwa bure.

Njia ya tatu ni nyepesi kuliko zote, namba moja tu, ila mteja haambiwi kwamba kuna jambo. Yule aliyeiona 60,000 wiki iliyopita atashtuka na kufurahi. Mgeni ataona jaketi la elfu arobaini na tano, basi. Njia ya nne ndiyo ngumu kueleweka: wengi hawafiki kikapuni, na anayeona 60,000 mwanzoni akafunga ukurasa hatajua kamwe kwamba ulikuwa umemwekea punguzo.

Unaweza kuitetea namba ya juu?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa nilikosea.

Juni ya miaka miwili iliyopita baridi ilibana, sweta za wanafunzi zikawa zinagombewa, nikapandisha kutoka 32,000 hadi 38,000. Zilikaa kwenye bei hiyo siku chache, nikauza kadhaa, mzigo mwingine ukaingia mjini bei ikarudi. Agosti nikaweka ofa: 38,000 imekatwa mstari, 30,000 pembeni. Sikuona kosa, maana kweli niliwahi kuuza kwa 38,000. Siku hiyohiyo mama mmoja wa Sakina, mteja wangu wa miaka, akanitumia picha. Ilikuwa status yangu mwenyewe ya Aprili: sweta ileile, rangi ileile, 32,000. Chini yake akaandika: "Mwanangu, hii thelathini na nane ilikuwa lini?"

Nilimweleza, na sweta alichukua. Ila tangu siku hiyo kila ofa yangu anaiuliza mara mbili, na ana haki. Ofa ya kweli ilikuwa elfu mbili. Mimi niliionyesha kama elfu nane. Arusha na Moshi si miji ya kupotea. Anayenunua kwako mtandaoni anapita mbele ya duka lako Jumamosi, mdogo wake anasoma na mtoto wa jirani yako, na picha za skrini zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kikoba na ya kwaya.

Sasa nina daftari. Kila bidhaa ina mstari wake: tarehe, bei, nimeuza ngapi kwa bei hiyo. Nikitaka kukata mstari, naangalia daftari kwanza.

Kama unataka kipimo cha kushika, wenzetu wanavyo. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 28 Mei 2022, muuzaji anayetangaza punguzo anatakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku zisizopungua 30 kabla ya punguzo. Kwa kipimo hicho sweta yangu ilitakiwa kukatwa 32,000. Google nao, ili waonyeshe alama ya bei iliyoshuka kwenye bidhaa zilizopitia Merchant Center, yaani sehemu yao ya kusajili bidhaa za maduka, wanataka bei ya awali iwe imetozwa kwa jumla ya siku 30, hata zisizofuatana, ndani ya siku 200 zilizopita, na punguzo liwe zaidi ya 5% na chini ya 90%. Sheria ya Ulaya haimfungi muuza sweta wa Kilombero, lakini siku thelathini ni kipimo cha haki na nimekichukua. Kwetu kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na inakataza kumpotosha mlaji kwa maelezo ya uongo, bei ikiwemo. Namba ya juu ambayo haikuwahi kuwa bei yako ya kweli ni maelezo ya uongo.

Njia ya pili ina deni lilelile, tena limejificha zaidi. Ukiandika 25% bila kusema kutoka ngapi, mteja hana cha kukagua. Ukiitumia, andika kwenye maelezo ya bidhaa "kutoka TSh 60,000 ya Julai". Njia ya tatu haina cha kutetea kabisa, na huo ndio uzuri wake mkubwa. Njia ya nne iko salama pia, kwa sharti kwamba hiyo 60,000 ni bei ambayo asiye na kuponi, yaani neno la kuandika kikapuni ili punguzo litoke, anailipa kweli. Kama kila mtu ana kuponi, 60,000 imekuwa pambo.

"Mwisho ngapi?"

Kwenye mafunzo ya biashara ya mtandaoni yaliyoandikwa ughaibuni hutakuta kipengele hiki, na sisi ndio kinachotukuta kila siku. Mteja anaona bei, anabonyeza namba ya WhatsApp, anaandika neno moja: "Mwisho?"

Bei mbili zinakupa jibu. Mtu akisema "nipe kwa arobaini", unamjibu, "Kaka, elfu kumi na tano nimeshaitoa, tazama hapo juu." Wengi wanaelewa, maana wameona kwa macho kwamba kuna kilichotoka. Kuna wachache wanaosoma kinyume: kama imeshuka mpaka hapa, bado ina nafasi ya kushuka. Hao watakuomba hata ungeandika bure.

Lebo ya "okoa 15,000" inafanya kazi hiyohiyo kwa unyonge zaidi, kwa kuwa swali la kwanza linakuwa "kutoka ngapi?", na unaanza kuandika yale ambayo mstari mmoja ungeyasema.

Bei moja ndiyo inayoalika mazungumzo kuliko zote. Umeshusha elfu kumi na tano kimoyomoyo, mteja hajui, anaanza kukushusha kutoka pale ulipoishia. Nimeona wenzangu wanaoandika "bei haipungui" kwa herufi kubwa. Inasaidia, ila kwa mgeni inasikika kama mlango umefungwa kabla hajabisha. Nimeona pia wanaoongeza kidogo juu ili wawe na cha kupunguza, na hapo tumerudi Kilombero. Si dhambi, ni biashara yetu ya siku zote, lakini asiyezoea kuomba ndiye anayelipa zaidi, na huyo mara nyingi ni mzee au mtu wa haya.

Kikapu nacho kina uzuri ambao sikuutarajia. Mteja wa zamani akiniomba, namtumia kuponi: "Shemeji, andika neno hili kwenye kikapu, elfu tano inatoka." Anajisikia amepewa, na amepewa kweli. Ile furaha ya sokoni, kwamba huyu amenipunguzia mimi, inapatikana mtandaoni kwa njia hii peke yake. Duka la mwenzangu wa Moshi anayeuza mashuka linaendeshwa hivyo: bei moja kwa wote, na kuponi tatu tofauti kwa wateja wa jumla, wateja wa kanisani kwake na walionunua mara ya pili.

Kazi ya kuitunza

Njia ya tatu inahitaji kubadilisha namba moja na kwenda kulala. Nyingine zina mitego.

WooCommerce ina sehemu ya bei ya kawaida na sehemu ya bei ya ofa, na unaweza kuipa ofa tarehe ya kuanza na ya kuisha. Angalia saa ya duka lako kwanza. Kama mpangilio wa saa ulibaki kwenye UTC, ile saa ya kimataifa, usiku wa manane wake ni saa tisa usiku kwetu, kwa hiyo ofa uliyosema inaisha saa sita inaendelea saa tatu zaidi. Chagua Dar es Salaam kwenye orodha ya saa. Na ukitangaza, taja siku: "mpaka Jumapili saa 6 usiku". Ukiandika 00:00 utagombana na mtu Jumatatu asubuhi.

Bidhaa zenye saizi zina shida yake. Saizi zikiwa na bei tofauti, WooCommerce huonyesha kiwango, kwa mfano TSh 40,000 – 48,000, bila mstari wowote, na bei ya zamani inaonekana mteja akishachagua saizi. Ukiona ofa yako haionekani kwenye orodha, usimlaumu fundi, ndivyo mfumo ulivyoundwa. Ukitaka mstari uonekane, fanya saizi zote ziwe na bei moja ya kawaida na bei moja ya ofa.

Shopify, mfumo mwingine wa maduka ya mtandaoni, inakupa sehemu ya bei ya kulinganisha, na mstari unatokea ikiwa namba hiyo ni kubwa kuliko bei ya kuuzia. Haina tarehe ya kuisha pale kwenye bidhaa, kwa hiyo weka kikumbusho kwenye simu. Kuponi zina tarehe kwenye mifumo yote miwili, na hilo linaifanya njia ya nne iwe rahisi kuifunga.

Jambo dogo la kuandika: ondoa zile sifuri mbili za senti. "60,000.00" na "45,000.00" zikikaa pamoja kwenye skrini ndogo zinavunjika mistari mitatu. Na alama ya "Sh" peke yake ina utata kwetu tunaopakana na Namanga na Holili, ambako wateja wa Kenya wanasoma shilingi yao. Andika TSh. Kama umesajiliwa VAT, bei zote mbili ziwe nayo ndani; mteja asikutane na kodi hiyo mlangoni pa malipo.

Inavyosafiri nje ya duka

WhatsApp inakata mstari ukizungushia namba alama ya kiwimbi, hivi: ~60,000~. Kwa hiyo hata asiye na tovuti anaweza njia ya kwanza. Hatari iko kwenye picha. Picha iliyoandikwa "SASA 45,000" inaishi kuliko ofa, na Novemba mtu atakuletea. Kila picha ya ofa ninayoituma ina tarehe ya mwisho juu yake, kubwa ya kusomeka. Lebo ya asilimia inapendeza kwenye picha, ila ikiwa haina bei mteja atakuuliza bei, na watu wamechoka na "bei njoo inbox".

Bei moja inasafiri vizuri popote. Punguzo la kikapuni halisafiri hata kidogo, labda utume neno la kuponi pamoja na picha. Na likishaingia kwenye kundi moja, hesabu kwamba limeingia yote.

Inamfaa nani?

Bei mbili zinamfaa mwenye historia: amekuwa akiuza bidhaa hiyohiyo kwa bei hiyohiyo kwa miezi, ana risiti, na ana sababu ya kushusha anayoweza kuisema kwa sentensi moja. Lebo inamfaa mwenye bidhaa nyingi zilizoshuka kwa kiwango kimoja, kama duka zima la vyombo kushuka 10% kwa wiki moja. Kukata mistari mia mbili ni kazi, na ukurasa unajaa makovu.

Bei moja inamfaa anayetaka kujulikana kwa bei ya chini mwaka mzima. Ila asitarajie shangwe. Mwaka 2012 maduka ya J.C. Penney ya Marekani yalifuta ofa na kuponi yakaweka bei za chini za kila siku chini ya mkurugenzi Ron Johnson. Mauzo ya mwaka huo yalianguka kwa takriban robo, na Aprili 2013 akaondolewa. Wateja wao walikuwa wamezoeshwa kuwinda ofa kwa miaka mingi. Duka ambalo halijawazoesha watu hivyo halina ugonjwa huo, na mama ntilie wetu wanauza bei moja bila mstari na foleni haikatiki.

Kikapu kinamfaa mwenye wateja wanaorudi, anayetaka kuwatofautisha bila kuwaudhi wengine, au anayeuza kwa idadi.

Kulingana na hali yako

*Mzigo wa msimu unaotaka kuutoa.* Bei mbili, tarehe ya mwisho, na sababu: "baridi imeisha, tunapisha mzigo mpya". Hii ndiyo hali ambayo mstari unastahili.

*Mitumba ya daraja la kwanza, kipande kimoja kimoja, kutoka masoko ya Memorial au Kiboriloni, Moshi.* Kipande hakijawahi kuwa na bei ya awali kwako. Bei moja. Kikikaa siku thelathini bila kuchukuliwa, hapo una bei ya awali ya kweli na unaweza kuikata.

*Duka jipya la wiki ya kwanza.* Usikate mstari wowote. Unataka kuvutia? Sema "bei ya ufunguzi mpaka tarehe fulani", kisha tarehe hiyo ikifika upandishe kweli.

*Kahawa, asali, viungo, sabuni: vitu vinavyoisha na kununuliwa tena.* Kikapu. Pakiti tatu za kahawa, punguzo linatokea lenyewe bila kuponi, na uandike wazi kwenye ukurasa wa bidhaa kwamba litatokea.

*Vinyago na shanga kwa watalii.* Kuna waliozoea kukata dola na kuandika dola. Kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinataka bei za ndani ya nchi zitajwe kwa shilingi, kwa hiyo namba zako zote mbili, ya zamani na mpya, ziwe za shilingi. Na mtalii akirudi kwao anaandika maoni. Ile bei ya juu isiwe ya kutunga.

*Simu na vifaa ambavyo kila mtu anajua bei yake mjini.* Mteja ameshapita maduka matano ya mtandaoni kabla ya lako. Mstari wako ataupima na bei za wengine, si zako za zamani. Bei moja iliyo sawa na soko inatosha, na nguvu yote uipeleke kwenye maelezo ya waranti.

*Desemba Moshi.* Watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na kila kona, mji unajaa, mahitaji yanapanda. Mwenzangu wa mashuka alitaka kupandisha bei tarehe 10 kisha akate mstari tarehe 20 ili ionekane ofa ya Krismasi. Tulibishana jioni nzima. Mwishowe aliacha bei ya Novemba ilivyo, akaandika "bei haijapanda" juu ya ukurasa, na kuponi za elfu tano akawapa walionunua mwaka uliotangulia.

*Umekwama kati ya mbili.* Zichanganye kwa bidhaa tofauti, usizichanganye kwenye bidhaa moja. Jaketi lenye mstari, lenye lebo ya asilimia, lenye "okoa", na kuponi juu yake, mteja anashindwa kujua analipa ngapi. Agosti hii majaketi yangu yanakatwa mstari kutoka bei ya Juni na Julai, nimeshayaangalia kwenye daftari. Soksi na kofia zinapata lebo ya 20%. Mablanketi nayashusha kimya kutoka 120,000 hadi 110,000, kwa kuwa bei ya jumla imeshuka na hapo ndipo yatakapokaa. Na yule mama wa Sakina ameshatumiwa kuponi yake.